Watoto walihesabiwa, hewa haikuhesabiwa

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kulikuta katika muhtasari wa kikao cha kamati ya shule: hewa wanayovuta watoto wa vijijini wakiwa darasani.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Kazi iliyofuata haikuwa ya mchezo. Wanavijiji walifyatua matofali, wakakata miti, wakajenga kwa kujitolea, na kufikia 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamepita milioni 3. Siyabezi madarasa yale, maana ndiyo yaliyonifundisha kusoma. Lakini yalijengwa mbio mbio, na mengi sakafu yake ilikuwa udongo mtupu.

Sisi tuliosoma humo baadaye tulikwenda shule na vidumu vya maji. Tulinyunyiza kwanza, ndipo tukafagia. Siku wa zamu alipokosa maji, vumbi lilining'inia mpaka kipindi cha pili, likachanganyika na la chaki. Darasa la saba walilala kambini wakisomea vibatari; asubuhi mtu akipenga kamasi, zinatoka nyeusi kwa masizi. Tulicheka tu. Hakuna mkubwa aliyetuambia kwamba masizi mengine yalikwishapita kwenda mapafuni.

Wala elimu hiyo haikuwa ngeni duniani. Mwaka 1858, mjini Munich, Ujerumani, mtaalamu Max von Pettenkofer alipima hewa ya ukaa vyumbani, akasema ikizidi sehemu moja katika elfu moja, chumba hakifai kukaliwa. Hakuiogopa hewa hiyo kama sumu. Kwake ilikuwa dalili kwamba watu wanavuta tena pumzi za wenzao. Mwaka 1882 Robert Koch akatangaza kijidudu cha kifua kikuu, kinachosafiri kwa pumzi hizo hizo. Na mwaka 1904, huko Charlottenburg karibu na Berlin, ikafunguliwa shule ya msituni, watoto dhaifu wasomee nje. Huku kwetu kusomea chini ya mwembe ni aibu ya kuondolewa haraka! Nakubali, mwembe hauzuii mvua.

Ukaja mpango wa MMEM mwaka 2002, kisha elimu bila ada mwaka 2016, na kila mara watoto waliongezeka upesi kuliko vyumba. Katika safari zangu za kikazi nimekuta chumba cha watoto 45 kina zaidi ya 100, na madirisha yamezibwa nusu kwa matofali ili wezi wasichukue madawati. Nyuma yake, upande upepo unakotokea, jiko la kuni la uji.

Juu ya jiko, Serikali imesema: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Vema. Lakini darasa lenyewe je? Siku ya kukabidhi jengo tunasomewa idadi ya vyumba, ya madawati, ya matundu ya vyoo. Matundu ya hewa hayasomwi, ilhali mawili yanayotazamana, moja kila ukuta, chini kidogo ya paa, hayaongezi hata tofali moja. Yanapunguza.