Mazrui (jina la ukoo)

Mazrui (kwa Kiarabu: المزروعي, al-Mazrui) ni jina la ukoo lenye asili ya Omani. Linapatikana hasa katika pwani ya Kenya, Omani na Falme za Kiarabu, na kwa uchache Tanzania na Marekani. Nchini Kenya ni jina adimu: ukishatoka Mombasa, Kilifi na Kwale unaweza kusafiri siku nzima bila kumkuta mtu anayeitwa hivyo. Hata hivyo kila mwanafunzi aliyesoma historia ya pwani amewahi kulisikia, kwa sababu wenye jina hilo walitawala Mombasa kwa takriban miaka mia moja, tangu miaka ya 1730 hadi 1837.

Mahali jina linapopatikana leo katika Afrika ya Mashariki kunaelezwa kwa sehemu kubwa na tukio moja, yaani kuanguka kwa utawala huo mwaka 1837. Takaungu upande wa kaskazini na Gazi upande wa kusini ndiko walikokimbilia waliosalimika.

Maana ya jina

Jina linatokana na mzizi wa Kiarabu z-r-ʿ, unaohusu kupanda na kulima. Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kina neno zaraa, yaani kilimo. Mazru ni kilichopandwa, na kiambishi -i mwishoni kinaonyesha uhusiano wa mtu na ukoo, mahali au babu, kama ilivyo katika majina Busaidi, Nabhani na Shirazi. Wingi wake kwa Kiarabu ni Mazari. Kwa Kiswahili husemwa Wamazrui. Sauti ya ʿayn iliyomo katika neno la Kiarabu haimo katika Kiswahili, ndiyo maana hapa pwani jina hutamkwa kwa wepesi, ma-zru-i, bila kukwama kooni.

Wako wanaoeleza kwamba ukoo uliitwa hivyo kwa sababu ya mashamba yake makubwa ya Takaungu. Maelezo hayo hayawezi kuwa sahihi, kwani jina lilikuwapo Uarabuni muda mrefu kabla ya shamba la kwanza la Takaungu kufyekwa.

Namna jina linavyorithiwa

Msomaji aliyezoea majina ya familia ya Kizungu anapaswa kujua kwamba Mazrui halikuwa jina la familia kwa maana hiyo. Ni nisba, yaani jina la nasaba linalowekwa mwishoni baada ya jina la mtu, la baba na la babu: Rashid bin Salim bin Ahmad al-Mazrui. Katika mazungumzo ya kila siku mara nyingi nisba haikutajwa, kwa kuwa kila mtu mjini alijua fulani ni wa nyumba gani. Ilikuja kuwa jina la mwisho la kudumu pale serikali ya kikoloni, shule na ofisi za pasipoti zilipotaka kila mtu awe na jina la kujaza katika fomu.

Nisba hupita kwa baba. Mwanamke wa Kimazrui akiolewa habadili nisba yake, lakini watoto wake huchukua ya mume. Kwa hiyo ziko familia nyingi za Mombasa, Lamu na Pemba zenye bibi wa Kimazrui ambazo huwezi kuzitambua kwa jina. Anayehesabu watu kwa jina peke yake atawakosa hao wote.

Chimbuko Omani

Ukoo ulitoka Omani, na wazee wake hutaja eneo la Rustaq, mji wa bara ulio chini ya milima ya Hajar. Ulikuja Afrika ya Mashariki wakati wa dola ya Wayaarubi, watawala wa Omani waliowafukuza Wareno. Wareno walikuwa wameanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 na kuiteka Desemba 1698. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728 na kufukuzwa tena mwaka uliofuata. Baada ya hapo Omani ilipeleka maliwali wa kuitawala Mombasa kwa niaba ya Imamu, na katika miaka ya 1730 uliwali ulishikwa na Muhammad bin Uthman al-Mazrui.

Katika Falme za Kiarabu, Mazari ni sehemu mojawapo ya shirikisho la makabila ya Bani Yas, na makao yao ya zamani ni mashamba ya mitende ya Liwa, kusini mwa Abu Dhabi. Huko jina si adimu hata kidogo. Suhail Al Mazrouei, waziri wa nishati wa nchi hiyo tangu 2013, ni mfano unaojulikana. Mara nyingi watu wa Mombasa huulizwa kama ni ndugu za hao. Kufanana kwa jina peke yake hakutoshi kujibu swali hilo. Jina lililojengwa juu ya neno la kawaida kama kupanda linaweza kuzuka mahali pawili, na undugu unathibitishwa kwa mlolongo wa mababu.

Mombasa

Nchini Omani dola ya Wayaarubi ilianguka katika miaka ya 1740, na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika madaraka. Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye alitumwa na Imamu wa Kiyaarubi, na kama kila mtu sasa anajitwalia nchi, basi naye anajitwalia Mombasa. Watu waliotumwa kutoka Omani walimwua ngomeni. Ndugu yake Ali bin Uthman alitoroka, akakusanya watu wa mji na kuirudisha ngome. Ugomvi wa Wamazrui na Wabusaidi ulianzia hapo na uliendelea kwa miaka karibu mia.

Wamazrui hawakutawala peke yao. Waswahili wa Mombasa walikuwa na muungano wao wa Thenashara Taifa, uliogawanyika katika Tisa Taifa na Tatu Taifa (Kilindini, Tangana na Changamwe), na liwali asiyeelewana nao hakukaa salama. Nyuma yao walikuwapo Wamijikenda, waliokuwa washirika katika biashara na vita. Wamazrui walioa mjini, walisema Kiswahili, na polepole wengi waliacha madhehebu ya Ibadhi waliyokuja nayo wakawa Wasunni wa Kishafii kama wenyeji. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa wa zama hizo, aliwatetea kwa mashairi yake dhidi ya Sayyid Said. Walipofikia wakati wa Muyaka, kuwaita wageni ingekuwa kusema jambo ambalo mji wenyewe haukulisema.

Wakati wa nguvu zao walishika Pemba, iliyowapa mchele, na walikuwa na usemi Pate. Mwaka 1755 hivi Ali bin Uthman alijaribu kuiteka Unguja, akauawa hukohuko na mtu wa ukoo wake mwenyewe. Kuporomoka kulianza kwa vita vya Shela, yapata mwaka 1812 au 1813, ambapo majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu. Lamu ikamwomba Sayyid Said wa Omani ulinzi, naye akapata mlango wa kuingilia pwani. Mwaka 1823 Pemba ilipotea.

Mwaka 1824 Wamazrui walimwomba nahodha Mwingereza, William Owen, awape bendera ya Uingereza iwakinge. Owen alikubali bila idhini ya serikali yake. Ofisa aliyemwacha mjini, Reitz, alikufa kwa homa baada ya miezi michache (jina lake limebaki katika Port Reitz), na mwaka 1826 Uingereza iliukataa mkataba huo.

Mwaka 1837 na mtawanyiko

Pigo la mwisho lilitoka ndani. Wamazrui waligombana wao kwa wao kuhusu nani awe liwali, na wazee wa Tatu Taifa, waliochoshwa na ugomvi huo, wakaelewana na Sayyid Said. Mwaka 1837 Rashid bin Salim, liwali wa mwisho, alisalimisha ngome kwa ahadi ya amani. Muda si mrefu yeye na viongozi wengine zaidi ya ishirini walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi, ambako hawakurudi.

Waliobaki waligawanyika. Kundi moja lilikwenda Takaungu, kando ya hori lililo kusini mwa mji wa Kilifi wa leo. Jingine lilishuka Gazi, katika wilaya ya Kwale ya zamani. Wachache walibaki Mombasa wakiwa raia wa kawaida chini ya maliwali wa Kibusaidi. Ukichora ramani ya jina hili nchini Kenya leo utapata nukta hizo tatu.

Takaungu ulikuja kuwa mji wa nafaka. Mtama na mahindi ya mashamba yake yalisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, jambo ambalo masimulizi ya koo zote kubwa za pwani hulipita kwa haraka.

Vita vya 1895 na 1896

Mwanzoni mwa mwaka 1895 liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilimweka mwanawe Rashid bin Salim, ikimpita binamu yake mkubwa kwa umri ambaye kwa desturi ya ukoo ndiye aliyestahili. Binamu huyo aliitwa Mbaruk bin Rashid. Kiongozi wa Gazi, mtoto wa liwali wa mwisho wa Mombasa, naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Wanafunzi huwachanganya kila mwaka, na baadhi ya vitabu pia. Anayejulikana zaidi ni Mbaruk wa Gazi. Alikuwa amekwisha kumpinga Sultani wa Zanzibar mara kadhaa kabla ya hapo, na jeshi lake lilikuwa na watoro wengi, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao.

Mbaruk wa Takaungu alikimbilia Gazi, na Mbaruk wa Gazi akakataa kumtoa. Vita vikaenea pwani nzima. Agosti 1895 Waingereza waliteka ngome yake ya Mwele, katika vilima vya Shimba, lakini mapigano yaliendelea hadi walipoleta askari kutoka Uhindi. Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani, na aliishi Dar es Salaam hadi kufa kwake. Baadhi ya waliovuka naye walirudi Kenya baadaye; wengine walibaki Tanganyika, na hiyo ni njia mojawapo jina lilivyofika huko. Jumba lake bado lipo Gazi.

Jina na ardhi

Kwa wenyeji wa Kilifi, Mazrui si jina la historia tu. Baada ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ukoo ulidai na kupewa eneo kubwa la Takaungu kama mali yake ya pamoja, na mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuweka ardhi hiyo chini ya wadhamini. Ndani ya eneo hilo waliishi pia Wagiriama na wazao wa watumwa wa zamani, waliolima kwa vizazi bila hati. Mwaka 1989 Bunge la Kenya liliifuta sheria ya udhamini, na madai yakafika mahakamani. Pande zote mbili zina hoja: mmoja ana karatasi, mwingine ana makaburi na minazi. Katika mabishano hayo kubeba au kutobeba jina hili kuna uzito wa eka na mipaka, na ndiyo sababu nasaba hufuatiliwa kwa makini kuliko katika koo nyingine za pwani.

Wanazuoni na waandishi

Baada ya kupoteza utawala, tawi la Mombasa lilijulikana kwa elimu. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui (1825–1894) alikuwa mwanachuoni wa Kishafii. Mwanawe, Sheikh al-Amin bin Ali (1891–1947), alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, na aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mengi yanayojulikana kuuhusu. Ameandika akiwa mtu wa nyumbani, na asomwe hivyo, lakini hakuficha mauaji ya ndugu kwa ndugu.

Mwanawe Ali Mazrui (1933–2014) alifundisha sayansi ya siasa Makerere, kisha Michigan na Binghamton nchini Marekani, na mwaka 1986 alitoa mfululizo wa televisheni kuhusu urithi wa namna tatu wa Afrika. Alifariki jimboni New York na kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome ya Yesu. Alamin Mazrui, mwanaisimu, ni mwandishi wa tamthilia Kilio cha Haki (1981) na diwani Chembe cha Moyo (1988).

Tahajia

Tahajia ya Mazrui ni ya Kenya na Tanzania. Katika vitabu vya wataalamu huandikwa Mazru'i au al-Mazru'i. Katika Ghuba hupatikana Al Mazrouei, Al Mazroui na Almazrooei, na wakati mwingine ndugu wa baba mmoja wana tahajia mbili kwa kuwa pasipoti zao zilitolewa na makarani wawili. Tangu Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi za asili ya Omani zilihama Unguja, Pemba na pwani ya Kenya kwenda Muscat, na huko majina yao yakaandikwa upya kwa Kiarabu. Anayetafuta jamaa katika kumbukumbu za zamani aangalie pia chini ya jina la babu, kwa maana kabla ya mwaka 1900 nyaraka nyingi za Mombasa huishia hapo bila kutaja nisba.