Fulana Niliyoifanya Tambara

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mimi sikuwa mkimbiaji, nilikuwa mshangiliaji. Siku ya mashindano kazi yangu ilikuwa kuwashikia wenzangu viatu na kupiga kelele. Ndipo nilipoanza kupenda historia ya michezo ya shule na vyuo.

Chuo ninachokifuatilia zaidi kiko mbali: Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, ambacho rangi yake ni ya chungwa. Mwaka 1966, kikiitwa bado Texas Western, kilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kwa kuifunga Kentucky 72 kwa 65, kikianza mchezo na Weusi watano. Huko ndiko alikokwenda Mtanzania Suleiman Nyambui. Alikitwalia chuo ubingwa wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo, Moscow 1980, alivaa fulana ya taifa akapata medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia.

Picha yake nimeitunza. Lakini fulana ya shule yetu, niliyoachiwa na mwenzetu tulipoagana, niliifanya tambara la kufutia baiskeli. Leo naitafuta nyingine kwa fedha, siipati.

Basi, mwenye jezi, bukta au hata picha iliyochakaa, aje nayo siku ya mkutano wetu. Tusipoweka kitu, tusiwalaumu wajukuu wakidhani hatukupata kukimbia.