UZI: "Sheria ni sheria", na mji wa Biloela

Wakenya wenzangu, kila uchaguzi ukikaribia lazima mtu apande jukwaani aseme wakimbizi warudishwe kwao, "sheria ni sheria". Umati unashangilia. Mimi huwa nauliza: sheria ipi, na kalamu anaishika nani? Hebu niwapeleke Australia kidogo.

Biloela ni mji mdogo wa jimbo la Queensland, watu kama 6,000 hivi. Makaa ya mawe, ng'ombe na kiwanda cha nyama. Si mji wa wanaharakati hata kidogo. Pande hizo wengi huwapigia kura wanasiasa wenye msimamo mkali wa mipaka.

Katika kiwanda hicho cha nyama alifanya kazi Mtamil kutoka Sri Lanka. Yeye na mkewe walifika Australia kwa mashua, kila mtu kivyake, 2012 na 2013. Wakakutana huko huko, wakaoana, wakapata mabinti wawili.

Alfajiri ya 5 Machi 2018 maafisa wakagonga mlango. Kibali cha muda cha mama kilikuwa kimeisha jana yake. Jana yake, jameni! Wakapewa dakika chache za kufunga mizigo, wakapelekwa kizuizini Melbourne.

Majirani wakaanzisha kampeni wakaiita Home to Bilo. Hoja yao haikuwa sera ya uhamiaji. Walisema tu hawa ni watu wetu, warudisheni nyumbani.

Sasa watu wa "sheria ni sheria" wasikize. Kisheria, familia hii ilikuwa imeshindwa. Wazazi walinyimwa hifadhi, na rufaa zao zikagonga mwamba hadi mahakama ya juu kabisa, Mei 2019. Watoto kuzaliwa Australia hakukuwapa uraia. (Hata hapa kwetu ni hivyo. Kuzaliwa Dadaab hakukufanyi Mkenya, Katiba yetu inafuata uraia wa mzazi.)

Agosti 2019, usiku, wakapakiwa kwenye ndege ya kurudishwa Sri Lanka. Ndege ikiwa tayari angani, jaji akatoa agizo kwa simu wasitolewe nchini. Ikabidi ndege itue Darwin. Sababu? Ombi la yule binti mdogo halikuwa limewahi kushughulikiwa ipasavyo. Mtoto wa miaka miwili ndiye aliyewashikilia wote wanne.

Lakini hawakurudishwa Biloela. Walipelekwa Christmas Island, kisiwa kilicho karibu na Indonesia kuliko Australia bara, wakakaa karibu miaka miwili. Juni 2021 yule mdogo akaugua vibaya, akakimbizwa hospitali ya Perth. Picha zake zikazunguka nchi nzima. Waliotia saini kuwatetea wakapita nusu milioni.

Saini hazisimamishi ndege, tusidanganyane. Ndege ilisimamishwa na mahakama. Kazi ya majirani ilikuwa kuhakikisha familia haisahauliki wakati mawakili wakisaka muda. Bila wao, hawa wangekuwa faili tu.

Mei 2022 serikali ikabadilika. Siku chache baadaye wakapewa vibali vya muda, na 10 Juni wakafika Biloela. Agosti wakapata ukaazi wa kudumu. Sasa niambieni, bunge lilibadilisha sheria gani hapo? Hakuna! Sheria ya Australia inampa waziri uwezo wa kutoa viza akiona ni kwa manufaa ya umma. Uwezo huo ulikuwepo tangu ule mlango ulipogongwa 2018. Waliosema mikono yao imefungwa walikuwa wameshika kamba wenyewe.

Kwetu, Mei 2016 serikali ilitangaza kufunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, ni kinyume cha Katiba. Mkataba wa 1951 na Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 zote zinakataza kumrudisha mtu mahali maisha yake yatakuwa hatarini. Hiyo nayo ni sheria, ingawa jukwaani huisikii.

Kinachonisumbua ni kingine. Yule baba alitetewa kwa sababu aliishi mjini na kufanya kazi na wenyeji. Sisi kwa miaka mingi tumewaweka wakimbizi wengi kambini, mbali. Ukiacha wenyeji wa Garissa na Turkana, ni Mkenya gani angegundua asubuhi kwamba nyumba ya jirani imebaki tupu?