Breki Zilizotangulia Wakati Wake

Wasikilizaji wangu, naamini wengi wenu mmepata kusafiri kwa lori wakati wa masika. Mwaka mmoja nilikuwa nikirudi chuoni, nimeketi nyuma juu ya magunia, na barabara ilikuwa matope matupu. Tulipokuwa tukishuka mteremko, ng'ombe wakavuka mbele yetu. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakaacha kuzunguka papo hapo, lakini lori lenyewe likaserereka kama mtumbwi majini. Dereva akazungusha usukani kulia hata mwisho, wala lori halikumtii. Likaenda moja kwa moja mpaka mtaroni. Hatukuumia, ila mahindi yaliloa yote. Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa magurudumu yalisimama, mbona lori halikusimama?"

Swali hilo liliwashughulisha mafundi wa Ulaya kwa miaka mingi. Gurudumu linalozunguka hushika ardhi. Lakini gurudumu lililofungwa na breki huburuzwa tu, na mpira unaoburuzwa juu ya maji au matope haushiki sana, wala hauwezi kuigeuza motakaa, hata dereva akizungusha usukani namna gani. Basi breki iliyo bora si ile ikazayo kabisa, bali ile inayokaza mpaka karibu na kulifunga gurudumu, kisha ikalegeza kidogo, ikakaza tena. Jambo hili lilijulikana zamani. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliandikisha chombo cha kuzuia magurudumu ya motakaa yasifungwe tangu mwaka 1936, lakini miaka mingi ikapita kabla hakijafika barabarani.

Watu waliokuwa na haja kubwa zaidi walikuwa marubani. Ndege kubwa hutua kwa mwendo wa maili 100 kwa saa na zaidi, na rubani ameketi mbali na magurudumu, hata hawezi kuhisi kwamba moja limefungwa. Gurudumu likifungwa, tairi husagika mahali pamoja, na mara hupasuka. Kwa sababu hiyo kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitengeneza chombo kilichoitwa Maxaret, kilichotokea mwaka 1952.

Nipeni nafasi nikieleze, maana ufundi wake wapendeza. Hakikuwa na umeme wowote. Ndani yake mlikuwa na gurudumu dogo zito, lililozungushwa na gurudumu la ndege. Yote mawili yakipunguza mwendo taratibu, hapana neno. Lakini gurudumu la ndege likitaka kufungwa ghafula, lile dogo, kwa uzito wake, huendelea kuzunguka na kulipita mwenziwe. Kule kupitana ndiko kulikofungua kilango kidogo cha mafuta ya breki. Mafuta yakapungua nguvu, breki ikalegea, gurudumu likapata mwendo wake, kilango kikajifunga, breki ikakaza tena. Yote hayo kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa macho. Matairi yakadumu zaidi, na ndege zikasimama kwa masafa mafupi zaidi penye maji. Ndege za VC10, ambazo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuzitumia mwaka 1966, nazo zilikuwa na Maxaret.

Mtu atauliza, kwa nini basi chombo hicho hakikutiwa katika kila motakaa? Walijaribu. Mwaka 1958 maabara ya serikali ya Uingereza iliyochunguza mambo ya barabara ilikifunga katika pikipiki ya Royal Enfield. Majaribio yakaonyesha kwamba chaweza kupunguza ajali za kuteleza. Hata hivyo kiwanda hakikuona faida ya kuendelea, na shauri likaachwa. Nasikitika kila nikikumbuka habari hiyo, maana hakuna chombo kinachomwangusha mtu upesi penye utelezi kama pikipiki.

Aliyeshika jambo hilo kwa moyo alikuwa Bwana Harry Ferguson, yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya matrekta mengi ya mashamba yetu. Yeye na wenzake walitaka motakaa ambayo nguvu ya injini huendesha magurudumu yote manne, ili isiteleze. Alikufa mwaka 1960. Mwaka uliofuata motakaa yao ya mashindano, iitwayo P99, ikiendeshwa na Stirling Moss, ilishinda katika uwanja wa Oulton Park.

Ndipo mwaka 1966 kiwanda kidogo cha Jensen, mjini West Bromwich, kikatoa motakaa iitwayo Jensen FF. Herufi hizo mbili maana yake ni Ferguson Formula. Magurudumu yote manne yaliendeshwa na injini, na breki zake zilikuwa na Maxaret. Ilikuwa motakaa ya kwanza ya kuuzwa watu wote iliyokuwa na breki za namna hiyo. Lakini tazameni fundo lilipo. Ndege ilikuwa na Maxaret zake magurudumuni. Jensen ilikuwa na moja tu, iliyounganishwa na mitambo ya kupeleka nguvu katikati. Iliweza kufanya kazi kwa sababu mitambo hiyo iliyafunganisha magurudumu yote manne, hata habari za moja zikafika katikati. Kwa hiyo aliyetaka breki ilimpasa anunue na mitambo yote ya Ferguson, nayo ilikuwa ghali mno. Tena mitambo hiyo ilijaza upande wa kushoto, hata usukani haukuweza kuwekwa ila kulia, kama motakaa zetu. Wamarekani, wenye fedha nyingi za kununulia motakaa, huweka usukani kushoto. Soko hilo likapotea. Kazi ikakoma mwaka 1971, baada ya Jensen FF 320 tu kutengenezwa.

Kwa maoni yangu Maxaret haikushindwa. Kilichokosekana ni njia rahisi ya kupata habari za kila gurudumu peke yake, na njia hiyo ilikuja na vyombo vya elektroniki. Mwaka uleule wa 1971 kampuni ya Chrysler huko Marekani ilianza kuuza breki za elektroniki katika motakaa yake ya Imperial. Wajerumani nao walihangaika; chombo chao cha kwanza kilikuwa na sehemu za elektroniki kama 1,000, ambazo ni nyingi mno kwa kitu kinachotikiswa barabarani. Walipozipunguza hadi 140, Bosch na Mercedes-Benz wakakitoa mwaka 1978.

Siku hizi motakaa ndogo isiyo ya tajiri yaweza kuwa nazo. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu penye matope, husikia kikanyagio kikitetemeka chini ya mguu wake, na wengine hushtuka wakaondoa mguu, wakidhani kimevunjika. Wasiuondoe. Mtetemo huo ni breki kukaza na kulegea. Wenye Jensen waliusikia tangu mwaka 1966.