Zanzibar na Kura Moja ya Chake Chake

Baina ya Julai 1957 na Julai 1963 Wazanzibari walipiga kura mara nne chini ya utawala wa Waingereza, na serikali iliyotokana na kura hizo ilipinduliwa Januari 12, 1964, kabla haijatimiza wiki tano za uhuru. Wengi hulaumu uhasama wa makabila peke yake, ilhali kanuni za uchaguzi nazo zilichangia pakubwa kuukoleza uhasama huo.

Januari 1961 viligombewa viti 22. Chama cha ASP cha Abeid Amani Karume kilipata 10, ZNP, maarufu kwa jina la Hizbu, ikapata 9, na ZPPP ya Mohamed Shamte, yenye nguvu Pemba, ikapata 3. Kiti kimoja cha ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaungana na Hizbu na mmoja na ASP, kila upande ukawa na 11, serikali isiweze kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, kikiwa kimeongezwa kiti kimoja. Siku ya kura wafuasi wa ASP waliwatuhumu wapinzani wao kuwa wanapiga kura mara mbili. Ugomvi ulioanzia vituoni mjini ukaenea hadi mashamba, watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu. Hizbu na ZPPP, kwa kuunganisha viti vyao 13 dhidi ya 10 vya ASP, ndio walioshika serikali.

Mwaka 1963 dosari ilidhihirika zaidi. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kila jimbo lilitoa mshindi mmoja, na kura za ASP zilirundikana katika ngome zake huku wapinzani wakishinda kwingine kwa tofauti ndogo. Hesabu ilikuwa halali kisheria; hata hivyo, ni vigumu kumtaka aliyeungwa mkono na zaidi ya nusu ya wapiga kura akubali kukosa kila kitu.

Funzo hilo lilichukua karibu miaka 50 kuingia katika katiba. Kura ya maoni ya Julai 31, 2010 iliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani serikali ambayo chama cha pili nacho hupewa nafasi, na Oktoba Ali Mohamed Shein wa CCM alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Seif Sharif Hamad wa CUF, Maalim Seif aliyakubali matokeo na kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Lakini kugawana madaraka hakuwezi kuziba pengo la tume ya uchaguzi isiyoaminiwa na pande zote: Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume aliufuta uchaguzi kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ikaundwa bila ya mshirika wake mkuu.