Kazi ya uhadhiri: Njia ya msomi wa Liboi

Kwa miaka mingi, msomi wa Liboi aliyetaka kufundisha katika chuo kikuu hakuwa na budi kuhama Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Hali ilianza kubadilika mwaka 2011, chuo cha walimu cha Garissa kilipogeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi.

Aprili 2, 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walikivamia chuo hicho na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Masomo yalisitishwa na walionusurika wakahamishiwa Eldoret. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kwa wakazi wa mji huo wa mpakani, ajira ya uhadhiri sasa inapatikana ndani ya kaunti yao. Hata hivyo, ukaribu huo pekee hautoshi.

Kwanza ni elimu. Miongozo iliyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 iliweka shahada ya uzamifu kuwa kigezo cha cheo cha mhadhiri. Mwenye shahada ya uzamili kwa kawaida huanzia vyeo vya chini, huku akiendelea na masomo. Kupanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa hutegemea makala yaliyochapishwa katika majarida ya kitaaluma, wanafunzi aliowasimamia na miaka aliyofundisha.

Pili ni ushindani. Katiba ya 2010 inataka ajira za umma zizingatie uwezo na ushindani wa haki. Aidha, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria hiyo yaweza kumfungulia mtu wa Liboi mlango katika vyuo vya Nairobi au Eldoret, lakini pia yaweza kumbana nyumbani Garissa.

Tatu ni stakabadhi. Nafasi hutangazwa magazetini na katika tovuti za vyuo, na muda wa kutuma maombi huwa mfupi. Mara nyingi huhitajika vyeti vyote vya masomo, wasifu, orodha ya machapisho na majina ya wadhamini watatu. Kadhalika, waajiri wa umma huomba cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, cha ulipaji kodi na cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Aliyesomea nje ya nchi huhitaji shahada yake itambuliwe rasmi nchini. Anayengoja tangazo ndipo aanze kuzitafuta huweza kukuta muda umekwisha.

Kwa upande wa utafiti, kibali hutolewa na NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi ya mwaka 2013. Anayechunguza maisha ya wakimbizi katika kambi za Dadaab huhitaji pia ruhusa ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Hapa mwenyeji ana hazina yake: anaijua lugha ya Kisomali, mifugo, ukame na mpaka. Maarifa hayo yakiandikwa na kuchapishwa, huhesabiwa katika maombi ya kazi.