Taa Ndogo ya Simu ya Mezani

Mwaka jana mpwa wangu alifungua ofisi ndogo ya uhasibu mjini Morogoro, yeye na wenzake watatu. Jioni moja alikuja nyumbani na karatasi zenye picha za simu za mezani. "Shikamoo mjomba," akasema. "Wewe umekaa ofisini miaka mingi. Nisaidie kuchagua." Nilivaa miwani nikazitazama. Moja ilikuwa na vitufe viwili vya laini, nyingine vinne, na nyingine kumi na viwili pamoja na kioo cha rangi kama televisheni. Yeye alikuwa amevutiwa na hiyo ya kioo. Mimi nilimwuliza swali moja tu: "Mtu akisubirishwa kwenye simu hii, nani ataona kwamba yupo?"

Alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Haukuwa mzaha. Lakini ili nieleweke yanipasa nirudi nyuma, maana chombo hiki cha mezani kina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo inamhusu mtu anayesubiri.

Neno lenyewe "simu" lilitujia kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Watu wa pwani waliufahamu waya huo kabla haujabeba sauti ya mtu. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kupiga simu siku hizo kulikuwa kupeleka maneno machache ya maandishi, na chombo cha kuzungumzia kilipokuja wazee wakakiita simu ya mdomo. Tofauti ya vyombo hivi viwili si ndogo. Mwenye kupeleka simu ya maandishi aliacha maneno yake kwa karani akaenda zake. Mwenye kupiga simu ya mdomo yuko mbali nawe, na papo hapo yuko mlangoni pako anapiga hodi, anangoja umwambie karibu.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu huko Marekani mwezi Machi 1876. Simu za mwanzo zilikodishwa mbili mbili, moja hapa na nyingine pale, mathalani nyumbani kwa tajiri na dukani kwake. Hapakuwa na wa tatu, na kwa hiyo hapakuwa na foleni. Foleni ilianza tarehe 28 Januari 1878 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, ambako George Coy alifungua kituo cha kuunganishia simu chenye wateja 21. Mtambo wake uliweza kupitisha mazungumzo mawili tu kwa wakati mmoja. Mtu wa tano aliyetaka kuzungumza ilimbidi angoje, na aliyejua kwamba anangoja ni yule aliyeketi mbele ya mtambo.

Kazi hiyo ya kuketi mbele ya mtambo walipewa kwanza vijana wa kiume waliozoea kazi ya telegrafu. Walikuwa wepesi wa mikono, lakini ndimi zao zilikuwa kali. Wateja walitukanwa na kukatiwa. Ndipo tarehe 1 Septemba 1878 kampuni ya simu mjini Boston ikamwajiri Emma Nutt, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo. Kampuni zilitambua mapema kwamba anayesubiri huvumilia mengi akisikia sauti ya heshima.

Wakati huo watu waliomba kuunganishwa kwa majina, si kwa namba. Mwaka 1879 surua ilienea katika mji wa Lowell, Massachusetts. Daktari mmoja, Moses Greeley Parker, akahofu kwamba wafanyakazi wa kituo wakiugua wote, wageni watakaowashika mikono hawatajua nani ni nani. Akashauri kila mteja apewe namba. Baadaye Almon Strowger, mtu wa Kansas City aliyefanya kazi ya kuandaa mazishi, alichoka na waunganishaji wa simu. Husimuliwa kwamba mmoja wao alikuwa mke wa mshindani wake, na wafiwa waliomtafuta Strowger wakaunganishwa kwa mumewe. Mwaka 1891 Strowger alipata hataza ya mtambo unaojiunganisha wenyewe. Hapo pakapatikana faida ya haraka, lakini yule mtu wa katikati, aliyekuwa akikumbuka nani anangoja, akaanza kuondoka.

Sasa tuingie ofisini. Ofisi kubwa haikupata shida: iliweka swichibodi yake na mtu wa kuiangalia kutwa nzima. Ofisi ndogo haikuweza kumlipa mtu wa kuketi tu akiunganisha simu. Mfanyabiashara mwenye laini tatu aliweka simu tatu mezani, na zikilia pamoja alishika moja huku akiinua nyingine. Hata kwetu jambo hilo lilikuwapo. Nilipokuwa nasomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkuu wa chuo chetu alikuwa na simu mbili mezani, nasi wanafunzi tuliamini kwamba ukubwa wa mtu hupimwa kwa idadi ya simu zake.

Dawa ya ofisi ndogo ilipatikana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930: simu moja yenye vitufe, kila kitufe na laini yake. Mtambo huo uliboreshwa mwaka 1953 na tena mwaka 1964. Simu iliyoenea zaidi ilikuwa na vitufe sita. Vitano vilikuwa vya laini. Cha sita kilikuwa chekundu, nacho kilikuwa cha kumsubirisha mtu bila kumkatia. Chini ya vitufe vya laini mlikuwa na vijitaa. Taa ikiwaka bila kukatika, laini inatumika. Ikiwaka na kuzimika kwa utaratibu, simu inaita. Ikikonyeza upesi upesi, ujue yuko mtu umemwambia asubiri. Ili taa hizo na laini hizo zifanye kazi, kila simu iliunganishwa kwa mkonga wenye nyaya hamsini ndani yake, mnene kama kidole gumba, hadi kwenye sanduku la ukutani lililojaa swichi za sumaku.

Msomaji, usione taa ile kuwa pambo. Ilikuwa imechukua nafasi ya Emma Nutt. Kazi ya kumkumbuka mgeni aliyeachwa barazani ilikuwa imetoka kwa binadamu ikapewa taa.

Mimi nililijifunza hilo kwa njia mbaya. Mwaka 1991 shule niliyokuwa nikiiongoza ilipata laini ya pili, na pamoja nayo simu ya mezani yenye vitufe viwili vya laini na kimoja cha kusubirishia. Tuliifurahia sana. Pasaka ya mwaka uliofuata taa ya laini ya pili iliungua. Katibu muhtasi aliniambia, nami nikajibu kwamba fedha ya shule haiwezi kwenda kwenye vijitaa wakati madarasa hayana chaki. Simu inalia, nilisema, na masikio tunayo.

Mwezi Oktoba, siku chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, katibu muhtasi alikuwa na ruhusa na mhasibu alikuwa ameenda benki. Nilikuwa kwenye laini ya kwanza nikizungumza habari za mitihani, mara laini ya pili ikalia. Nikaibonyeza. Sauti ya mzee ikaniambia kwamba anapiga kutoka posta ya wilayani kwao, na kwamba ana kijana hapo shuleni. "Subiri kidogo mzee wangu," nikasema, nikabonyeza kitufe cha kusubirisha, nikarudi kwenye mitihani. Mazungumzo yale yalipokwisha niliweka mkono wa simu mahali pake, nikatoka kwenda kukagua ukumbi. Mezani palikuwa kimya, hapana kilichokonyeza.

Nilipokumbuka nilirudi mbio. Laini ya pili ilikuwa imekatika. Simu ya mbali siku hizo ililipiwa kwa vipindi vya dakika tatu tatu, na mtu wa kijijini huja posta na fedha iliyohesabiwa.

Siku tatu baadaye jamaa mmoja aliteremka kwenye basi na habari kwamba mama wa kijana yule amefariki. Alikuwa amelazwa siku ile baba alipopiga, na alikuwa akimwulizia mwanawe. Kijana alifika nyumbani watu wameshatoka makaburini. Alirudi akafanya mtihani wake, akafaulu.

Mzee mwenyewe alikuja shuleni mwezi Desemba kuchukua vitu vya mwanawe. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Mwalimu, nilikusikia ukiniambia nisubiri. Nikasubiri." Nami, mkuu wa shule, niliyewachapa watoto kwa kusema uongo, nikamjibu kwamba mtambo ulikuwa mbovu. Mtambo haukuwa mbovu. Taa ndiyo iliyokuwa mbovu, nami nilijua tangu Pasaka. Nilikuwa nimeshanunua taa mpya siku ya pili yake, na bei yake haikufika ya katoni moja ya chaki. Mzee yule amekwisha tangulia mbele ya haki, na sikupata kumwambia ukweli. Ndiyo maana nauandika hapa.

Hayo nilimweleza mpwa wangu, kisha tukarudi kwenye picha zake. Nilimwambia kwanza asihesabu watu wa ofisi, ahesabu mazungumzo yanayoweza kutokea kwa pamoja. Ofisi ya watu wanne, ambao mara nyingi wawili wako kwa wateja, haihitaji vitufe kumi na viwili. Pili, asidanganyike kwamba simu za mkononi zinatosha. Mteja akizoea namba ya mfanyakazi, mfanyakazi akihama huhama naye. Namba ya mezani hubaki na ofisi. Tatu, akumbuke umeme. Simu zetu za zamani zilipata umeme wao kutoka kituoni kupitia waya ule ule wa simu, hivyo taa za nyumba zikizimika simu haikuzimika. Hizi za sasa zinazopitia intaneti hutumia waya mwembamba wenye nyuzi nane tu, na waya huo mmoja hubeba laini kadhaa, lakini umeme ukikatika huwa bubu zisipowekewa betri ya akiba. Nne, na hili nililirudia, achague ile ambayo taa ya laini inaonekana kwenye kila meza, na ambayo mtu akisubirishwa kwa muda inapiga mlio wa kukumbusha. Aliyepokea simu akiinuka, mwenzake aone.

Alinunua zile za vitufe vinne, moja kwa kila meza, na betri ya akiba. Ile ya kioo cha rangi aliiacha dukani.

Siku zilipofungwa alinipigia ili tuzijaribu. Tulisalimiana, kisha nikasikia simu nyingine ikilia kule kwake. "Subiri kidogo mjomba," akasema. Nikasubiri, mkono wa simu sikioni, nikimfikiria yule mzee kwenye kibanda cha posta na fedha yake ya dakika tatu. Haikupita hata dakika moja. "Mjomba, bado upo?" Nikamwambia nipo.